Wakili wa Miaka Kumi na Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa! Wakili ametuita wote chumbani kwake, akasimama mbele ya feni na kutangaza kwamba mfumo endeshi wa kompyuta zetu sita umezeeka. Waliouunda wameacha kuutunza. Kuanzia mwezi ujao mwizi yeyote wa mtandaoni ataingia kwenye mafaili ya wateja bila hata kubisha hodi. Lazima tuweke mfumo mpya. Kisha akatamka maneno yaliyonifanya nisahau kushusha kikombe: atakayeifanikisha kazi hii bila kuitia ofisi hasara atakuwa Msimamizi wa Mitambo, na atahamia chumba cha dirishani.

Chumba cha dirishani! Miaka tisa nimekuwa karani wa masijala, na miaka yote tisa nimekaa kati ya kabati la mafaili na mlango wa choo. Kila anayetoka chooni hunisalimu. Nimechoka kusalimiwa.

Mpinzani wangu ni mmoja tu: katibu muhtasi. Moyoni humwita Dada Masharti, kwa kuwa ndiye binadamu pekee ninayemjua anayesoma masharti yote kabla ya kubofya "Nakubali". Hata risiti ya dobi huigeuza asome na nyuma. Leo ametoka mkutanoni na daftari, tayari ameandika ukurasa mzima. Mimi sikuandika kitu. Mtu mwenye akili haandiki, anawaza.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimewaza. Stoo kuna kompyuta tatu zilizokufa zamani, na kila moja ina stika ya leseni ubavuni. Leseni zetu wenyewe, zimelala kwenye vumbi! Mpango: nibandue stika kwenye maiti, nibandike kwenye wazima. Nimeazima kikausha nywele cha mke wangu ili nilainishe gundi. (Nimeazima bila kumwambia. Sikutaka kumsumbua.)

Stika ya kwanza ikatoka vipande vitatu. Ya pili ikabaki nusu kwenye chuma, nusu kwenye kidole gumba. Ya tatu ikatoka nzima! Nikaibandika kwenye kompyuta yangu, nikaibonyeza kwa kiganja, nikaingiza zile namba ndefu. Ikakataa. Nikaingiza tena polepole, kwa heshima. Ikakataa vilevile.

Wakati huohuo Dada Masharti akatoka chooni. Akanisalimu. Kisha, kwa ile sauti yake ya upole inayonichefua, akanieleza kwamba leseni inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungwa na mashine ileile, na mashine ikifa, leseni nayo ndiyo imekufa. Leseni ya kununua dukani peke yake ndiyo unayoweza kuiondoa mashine moja ukaihamishia nyingine. Nikamjibu kwamba nilikuwa nafuta vumbi tu. Akakitazama kidole changu. Kidole kilikuwa bado na nusu ya stika.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeula! Nimekesha? Hapana, nimetumia saa ya chakula tu. Nimeingia kwenye tovuti ya hao wenye mfumo, nikakuta leseni za kila aina. Kuna ya mtu mmoja. Kuna ya taasisi, ambayo inataka barua, mhuri na fomu ya kurasa nne. Hiyo ndiyo anayoihangaikia Dada Masharti, nimemwona akimwomba mhasibu cheti cha usajili wa ofisi. Halafu chini kabisa, kwa herufi za rangi ya waridi: Leseni ya Familia. Kompyuta sita za kaya moja. Mtu mzima analipiwa. Watoto walio chini ya miaka kumi na tatu, bure!

Kompyuta sita. Sisi tuna kompyuta sita. Na kwenye kikao cha Januari, Wakili kwa kinywa chake alisema sisi hapa ni familia moja. Watu wote walisikia, hakuna atakayebisha.

Kuna jambo dogo tu. Mkuu wa kaya anatakiwa kuwa na simu ya kupokea namba ya uthibitisho, na yangu haioneshi namba yoyote tangu ipasuke kioo. Jioni mke wangu alipoingia kuoga nikachukua ya kwake. Kwa hiyo mkuu wa kaya ni yeye. Mimi ni mtu mzima wa pili. Waliobaki nimewaandikisha watoto: Wakili, miaka kumi na mmoja. Wakili msaidizi, minane. Dada wa mapokezi, saba. Mhasibu, ambaye mwakani anastaafu, miaka tisa. Dada Masharti nimempa kumi na miwili kwa sababu ya kiburi chake.

Masharti yalikuwa kurasa kumi na saba. Nikabofya "Nakubali". Ikaniuliza kama kweli nimesoma. Nikabofya "Ndiyo".

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimebaki ofisini baada ya kazi, nimeweka mfumo mpya kwenye kompyuta zote sita. Hakuna iliyogoma! Kuna vitu viwili vitatu vimenishangaza, kwa mfano picha ya maputo kwenye skrini ya Wakili, na kifaranga mwenye miwani anayepunga bawa pembeni. Mambo ya kisasa.

Nimempigia Wakili simu. Amenipongeza, tena ameniita kijana wangu, ingawa tumepishana mwaka mmoja tu. Kabla ya kufunga ofisi nimekipima chumba cha dirishani kwa hatua. Sita kwa nne. Meza nitaiweka ikitazama nje, mgongo kwa Dada Masharti.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi mambo yalikuwa shwari. Wakili alikuwa anaandika ombi la zuio kwa ajili ya mteja wetu, mama mjane mwenye duka la vitambaa. Mwenye jengo anataka kumtupia vitu nje Jumatatu. Ombi lisipofika mahakamani kabla ya saa tisa alasiri, duka limekwenda. Mama mwenyewe alikuwa amekaa mapokezi, mkoba mapajani.

Saa tano na nusu nikasikia Wakili akiita. Sauti haikuwa ile ya "kijana wangu". Nikakimbia. Skrini nzima ilikuwa kifaranga, ameshika mswaki, na maandishi makubwa: "Hongera! Umetumia saa zako mbili za leo. Sasa nenda ukacheze nje. Ukihitaji muda zaidi, mwombe mzazi."

Nikasema ni kirusi. Mhasibu naye akaita kutoka chumbani kwake kwamba kuna kuku anamfukuza kazini. Dada wa mapokezi, vivyo hivyo. Dada Masharti akaja, akainama, akasoma (anasoma kila kitu, mwanamke huyu!), kisha akaniuliza mbele ya watu wote mzazi ni nani. Kompyuta yangu mimi haikujifunga, ila ombi lote lilikuwa ndani ya ile ya Wakili. Wakili akabofya "Omba ruhusa". Akabofya mara kumi na nne.

Mke wangu ni mwalimu wa nidhamu. Asubuhi hii alikuwa anasimamia mtihani, simu imezimwa. Alipoiwasha saa saba na nusu akakuta kwamba ana watoto watano asiowajua, wote wameandikishwa na mumewe, na wa kwanza anaomba dakika sitini. Akapiga hesabu ya miaka. Wakili ana kumi na mmoja. Ndoa yetu ina kumi na miwili.

Akaja kwa miguu. Saa nane na dakika tano alisimama mlangoni, chaki bado mkononi, akauliza kwa utulivu kabisa ni yupi kati ya wanawake waliomo humu aliyezaa na mume wake watoto watano. Dada wa mapokezi akajificha nyuma ya kaunta. Nikamwambia mke wangu kwamba ninaweza kueleza. Akanijibu kwamba nimekuwa nikieleza kwa miaka kumi na miwili, leo anataka kuwaona watoto.

Ikabidi nimwoneshe. Nikanyoosha kidole kwa Wakili, kisha kwa mhasibu, ambaye aliinuka kwa adabu na kumwamkia. Mke wangu akawatazama mmoja mmoja. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Wakili, mtu ambaye mahakimu humwogopa, akalegeza tai na kumwomba mke wangu, tafadhali, amruhusu kutumia kompyuta. Mke wangu akamuuliza kwa nini hakuomba vizuri tangu mwanzo badala ya kubofyabofya. Wakili akasema samahani, Mwalimu. Akapewa dakika arobaini na tano.

Ombi lilitoka kwenye printa saa tisa kasoro robo. Dada Masharti alikimbia nalo hadi mahakamani akiwa na viatu mkononi. Alifika zikiwa zimebaki dakika nne. Mama mwenye duka akalia. Mimi pia nililia, ila mimi nililia stoo.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Dada Masharti ndiye Msimamizi wa Mitambo. Amehamia chumba cha dirishani na mmea kwenye kopo. Wakili ameniita, akaniambia taratibu, bila hasira, jambo ambalo limeniumiza zaidi, kwamba nikiharibu mara moja tena atatafuta karani mwingine wa masijala. Nina watoto wawili wa kweli.

Jambo linalonikera kuliko yote: katika kompyuta zetu sita, nne zilikuwa na leseni halali tangu zinunuliwe, na wenye leseni hizo wanapandishwa kwenye mfumo mpya bure. Bure! Dada Masharti alibofya mara tatu, kwisha. Mbili tu, ya Wakili na yangu, zilinunuliwa mtumba bila leseni, nazo zitanunuliwa za dukani. Lile wazo la taasisi ameliacha mwenyewe baada ya kusoma. Akanikumbusha pia kwamba Leseni ya Familia hairuhusiwi kwa kazi ya biashara, ipo kwenye ukurasa wa pili. Nani anafika ukurasa wa pili?

Nyumbani mke wangu bado ni mkuu wa kaya. Amenihamishia kwenye orodha ya watoto. Nina nusu saa kwa siku kwenye kompyuta ya nyumbani, na saa mbili kamili usiku kifaranga ananiambia nikapige mswaki.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Leseni mbili za dukani zimeagizwa. Zitafika tarehe tisa Aprili. Kwa sasa Dada Masharti ameziwekea kompyuta zile mbili mfumo wa majaribio wa siku thelathini. Siku zikiisha unajifunga. Akaniambia hakuna haja ya mimi kufanya chochote. Amelisema mara mbili. Kuna watu wanapenda sana kusikia sauti zao.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Dada Masharti ameondoka likizo ya siku mbili, atarudi keshokutwa. Ameniachia karatasi mezani: "Ukiona ujumbe wa siku zilizobaki, funga tu. Usiguse kitu."

Leo ujumbe umetokea. SIKU NNE! Na huo mzigo wa leseni ukichelewa? Wakili ana rufaa kubwa ya kuwasilisha kesho, anamtetea yuleyule mama wa vitambaa dhidi ya hukumu ya Februari iliyompa mwenye jengo ushindi. Kompyuta ikijifunga tena mkononi mwake, nani atalaumiwa? Mimi!

Hapo ndipo nilipopata wazo, na safari hii ni wazo la kiungwana, halihusu mke wa mtu wala umri wa mtu. Kompyuta inahesabu siku kwa kalenda yake. Kalenda yake iko pale pembeni, inabadilishwa kwa kubofya tu. Nimezirudisha zote mbili mwaka mmoja nyuma. Ujumbe umetoweka! Nimenyamaza, sijamwambia mtu. Msaidie mtu bila yeye kujua, ndivyo nilivyolelewa.

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Kazi imekwenda vizuri ajabu. Intaneti tu ndiyo imegoma kwenye kompyuta hizo mbili, kila tovuti inadai kuna tatizo la tarehe. Nimewapigia wanaotuletea mtandao, nimewakaripia vikali. Wameomba radhi.

Saa tano Wakili amemaliza rufaa. Kompyuta yenyewe huweka tarehe chini ya sahihi, hakuna anayehangaika kuiandika. Ametia sahihi bila kusoma, akanikabidhi niipeleke, akaniwekea mkono begani. Nadhani amenisamehe.

Njiani nimeisoma, maana karani mzuri hukagua. Hukumu ni ya Februari mwaka huu. Rufaa ni ya Aprili mwaka jana. Nimesimama, nimeirudia mara mbili, kifua kimejaa. Ofisi nyingine hulalamikiwa kila siku kwa kuchelewa kukata rufaa. Sisi tumeikata miezi kumi kabla ya hukumu!

Nimeigonga mhuri mwenyewe na kuikabidhi dirishani. Karani wa mahakama ameisoma, akaniangalia, akamwita mwenzake naye aje kuisoma, kisha wakaniomba jina langu kamili. Nimewatajia herufi kwa herufi. Sasa hivi simu ya Wakili inaita, nasikia anaipokea, nasikia ananiita. Ngoja nifunge kwanza kifungo cha koti.