Viti Vinne vya Mama Dufie

Opoku Sarpong alibeba viti siku mbili kwenye semina ya matabibu wa akili pale Kumasi, na siku ya tatu akawa daktari. Alikuwa amesikia ya kutosha: ndani ya mtu mmoja mna watu wengi; yumo Mlinzi, yumo Hasira, yumo Aibu, yumo na Mtoto aliyeumizwa. Kila mmoja akisikilizwa, kidonda hupona. Wenzake walisikia elimu. Opoku alisikia kichwa kimoja, wagonjwa wanne! Semina ilipofungwa, viti vinne viliondoka naye.

Mteja alikuwa Mama Dufie, muuza vitambaa, ambaye hakupata usingizi tangu amzike mama yake bila kumuaga. Nyumbani alikuwa na kente ya marehemu, kitambaa cha thamani cha Waashanti, na Opoku alishampata mtalii wa kuinunua.

"Mama, huyo Mtoto wa ndani anatetemeka," alisema kwa sauti ya asali. "Kesho mletee kente ya mama yake."

"Ile ya mama yangu? Khanga haitoshi, daktari?"

"Kidonda cha mama hakifunikwi kwa khanga."

Kesho yake Mama Dufie alikuja chumbani kwa Opoku na kente begani. Opoku akapanga viti, akaelekeza kente iwekwe kwenye cha Mtoto, "ilale hapa usiku mmoja tu."

Mama Dufie akaiweka. Kisha akaketi kiti cha Mlinzi, akanyoosha mgongo, na sauti ikawa ya mzee wa ukoo.

"Mgeni anywe maji."

Akamsogezea chupa yake. Opoku akanywa, na hapo ndipo alipojifunga. Mwashanti akishakunywa maji ya mwenyeji huulizwa kilichomleta, na hata tapeli aliyekubuhu halikwepi swali hilo.

"Hapa kwetu ni kwema," alisema Mlinzi. "Mwenye safari ni wewe. Umekuja na lipi?"

"Nimekuja kuponya, mzee wangu."

Mama akahamia kiti cha Hasira. "Mwongo! Sema tena!"

"Nimekuja... kusaidia."

Akahamia cha Aibu, akanong'ona: "Mama yako anajua uko hapa?"

Opoku alikuwa na majibu arobaini ya maswali ya polisi. Swali hili halikuwa la polisi.

"Mama alifariki," alisema. "Nilimwambia narudi kesho. Nikarudi baada ya miaka sita."

Mama Dufie akajifuta macho. "Na mimi nilikuwa dukani, nabishana bei," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Njoo, mwanangu. Kiti cha Mtoto kina nafasi."

Akamfunika kente. Daktari akalia kama aliyeachishwa ziwa jana, na kilio kikamchukua hadi usingizini.

Alizinduka alasiri, amelala mkekani. Kente haikuwepo. Viti navyo havikuwepo. Palikuwa na karatasi:

"Mwanangu, tangu jana nilijua daktari wa kweli haulizii kente. Lakini dawa yako ni ya kweli, nakwenda kulala. Viti nimechukua: kiti walichokalia wazee wangu hakibaki kwa mgeni. Jumapili njoo ule fufu, utavikuta."

Mlango ukagongwa. Alikuwa mtalii, na pesa mkononi.

"Kente iko wapi, daktari?"

Opoku akafungua kinywa, akatafuta ndani yake wa kumjibu kwa uongo. Wote walikuwa bado wamelala.