Namba Kumi na Saba Alikwenda Kushoto

Jumatatu, 11 Aprili 2016

Kocha ameniita ofisini. Nilidhani amegundua nani alivunja spika. Siyo! Ameniteua kuendesha majaribio ya timu ya washangiliaji ya chuo. Mimi, Revokatus, mtoto wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, leo msimamizi mkuu hapa Louisville, Amerika! Nikamwambia Mama kabla hajaenda kuwaogesha wazee wake kazini. Akauliza kama washangiliaji ndio wale wanaorusha wasichana hewani. Nikasema haturushi, tunanyanyua kwa utaalamu. Akasema nisije nikamwangusha mtoto wa mtu.

Masharti ya Kocha: kila mtu ajaribiwe upya, hata sisi wa zamani. Namba mgongoni, majina hakuna. Majaji watatu kutoka nje, wasiomjua yeyote. Na kabla ya hapo, siku tatu za mafunzo ya bure, ili hata asiyewahi kushangilia ajue hatua zilezile. Kila atakayeingia mlangoni ajione amekaribishwa.

Safi. Ila hilo la "hata sisi wa zamani" ni tusi. Miaka miwili nimesimama chini ya piramidi, visigino vya watu mabegani, nami nijaribiwe?

Halafu nikaiona orodha. Nafasi za wanyanyuaji ni nne. Waliojiandikisha ni watano. Wa tano ni Gisa.

Jumanne, 12 Aprili

Gisa ni Mkongomani wa milima ya Kivu. Akitoka darasani anapanga maboksi ghalani. Shingo hana, kichwa kimewekwa moja kwa moja juu ya mabega. Shifti yake inaanza saa tisa alasiri. Mafunzo nimeyapanga saa tisa na nusu. Sijamfukuza mtu! Mlango uko wazi. Kama maboksi yanamzuia, ayalaumu maboksi.

Jioni: balaa. Binti mmoja, Vestine, anayesoma hapa na kufanya kazi ghala lilelile, kaenda kwa Kocha moja kwa moja. Kamwambia wako kumi na mmoja wa shifti hiyo, na wote wanataka kujaribu. Kocha hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Ameongeza mafunzo ya saa kumi na mbili asubuhi, na mwalimu wake ni mimi; ya alasiri atayafundisha yeye.

Jumatano, 13 Aprili

Wote kumi na mmoja wamefika kabla yangu. Macho mekundu, lakini wamefika. Vestine hajawahi kushangilia popote isipokuwa kanisani, na bado anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Gisa alimnyanyua kwa mkono mmoja huku akipiga miayo.

Basi nikafundisha hatua ya kwanza kuanzia mguu wa kushoto. Sahihi ni kulia. Mara ishirini, mimi mbele, wao nyuma: kushoto, kushoto, kushoto. Sioni aibu. Vita ni vita.

Alhamisi, 14 Aprili

Tena kushoto. Vestine akanyoosha mkono. "Bon, Kaka Revo, mbona kwa karatasi ya Kocha wameandika kuume?"

Nikamjibu kwamba karatasi ni ya zamani. Akasema sawa, akanishukuru, akanipa andazi alilokuja nalo kutoka nyumbani. Nimelila. Halikushuka vizuri.

Ijumaa, 15 Aprili

Sikufundisha. Nilimwachia Kocha ujumbe kwamba ninaumwa koo, naye akawaambia wa asubuhi wajifanyie mazoezi wenyewe.

Mchana nikamwona Vestine kwenye kituo cha basi Highview, buti za kazini miguuni, anafanya mazoezi mbele za watu bila haya. Kushoto, kushoto. Mzee mmoja anampigia makofi. Akaniambia wadogo zake watatu watakuja kesho kumtazama. Akasema tangu wafike Amerika hajachaguliwa kwa jambo lolote, na hata kesho asipochaguliwa, safari hii angalau wamemfungulia mlango.

Mlango! Niliangalia basi lije linichukue. Halikuja.

Nikamwambia hatua imebadilishwa. Ni kulia. Awaambie wenzake wote. Isipokuwa Gisa, nikasema, Gisa nitamwambia mwenyewe.

Nisingemwambia. Mtu hawezi kutubu kila kitu siku moja.

Jumamosi, 16 Aprili

Vestine alimwambia Gisa. Wanakula meza moja wakati wa mapumziko! Nilitegemea nini?

Mimi nimepata namba kumi na saba. Gisa kumi na nane, kushoto kwangu. Muziki ukaanza. Ukumbi mzima kulia. Namba kumi na saba kushoto!

Siku mbili nimeufundisha mwili wangu uongo, nao umeusadiki. Nikamgonga Gisa kifuani, miguu ikaniacha. Akanidaka kama mtoto wa kubatizwa, akaendelea na hatua zake, mimi mikononi. Watu wakapiga vigelegele. Akaninong'oneza, "Usiogope, mukubwa, niko nakushika."

Sijawahi kutukanwa namna hiyo. Majaji wakaandika, wakaandika, wakaandika.

Jumapili, 17 Aprili

Orodha imetoka. Gisa yumo. Vestine yumo, wa tatu kwa alama. Mimi ni wa akiba.

Nikampigia Kocha simu kudai rufaa. Nikasema majaji hawanijui. Akasema ndiyo maana waliitwa. Kisha akanisifu! Akasema hajawahi kuona msaidizi anayeendesha majaribio kwa haki hadi akajiangusha mwenyewe. Nilikuwa na la kumweleza. Sikumweleza. Sifa haikatizwi.

Vestine naye alipiga. Nyuma yake wadogo zake wanapiga kelele, sikusikia hata nusu. Nikampongeza kwa moyo wote. Karibu wote.

Jumatatu, 18 Aprili

Akiba si kushindwa. Akiba ni jeshi lililofichwa.

Na tazama! Mama amewasimulia waumini wote sifa za Kocha. Leo Mzee Sebineza wa kanisani kaja nyumbani, kakaa, kanywa chai vikombe viwili. Wanachagua kiongozi mpya wa kwaya na wanamtafuta kijana mwadilifu wa kusimamia uchaguzi. Mama akaniangalia kama nimeshavikwa taji. Nikamwambia Mzee kwamba nami ni mgombea. Akasema kwa mtu kama mimi hilo si tatizo.

Nimekubali, kwa sharti moja tu: kura nitazihesabu peke yangu, mlango ukiwa umefungwa.