Watu Tisa wa Mdalasini

Asubuhi ile redio ilitangaza kwamba Seneta Ostrander amejitoa kwenye mchujo wa urais ili apate muda na familia yake.

"Poleni sana familia," Dizeli akasema, akapuliza kahawa.

Tulikuwa nyuma ya duka la mbegu, kwenye meza ya birika, nje theluji imefika magotini. Dizeli ni Duane, fundi matrekta, mpiga debe wa Gavana, naye anayewania urais. Posta ni LaVonne, alistaafu posta lakini hakustaafu kujua mambo ya watu. Yeye yuko na mgombea mwingine, yule daktari wa Ohio. Wote wawili walimgeukia Verlyn, tunayemwita Mdalasini. Alikuwa anavua beji ya Ostrander kofiani, polepole, kama anayetoa mwiba.

Mwaka mzima alikuwa akimtafutia Ostrander watu. Akapata tisa. Jumatatu tunakutana ukumbi wa shule, na kwetu hakuna kura ya siri: unasimama kwenye kona ya mgombea wako, majirani wakuone, uhesabiwe. Kona isiyotimiza idadi inavunjwa, watu wanaitwa huku na huku kama kuku.

Redio ikaleta mtaalamu. Akasema wafuasi wa Ostrander watakwenda kwa Gavana, kwa kuwa sera zao za bima ya afya zinafanana.

"Umemsikia msomi," Dizeli akasema. "Mdalasini, niletee hao tisa."

"Wendell haji kwako," Mdalasini akamjibu. "Tangu ugomvi wenu wa uzio, wewe ukisimama kaskazini yeye anasimama kusini. Hajui hata Gavana anaitwa nani."

"Na wale dada wawili wa Tjaden?"

"Wao wanataka viti vyenye mgongo."

Posta akasema kona ya daktari ina viti vyenye mgongo, tena iko karibu na joto. Dizeli akamuuliza hiyo ndiyo sera ya afya ya daktari? Posta akamwambia angalau ya kwake inakalika.

Wakaanza kugawana. Ili kutimiza idadi, Dizeli alipungukiwa wanne, Posta watano. Wanne kwa Dizeli, watano kwa Posta, Wendell akiwemo, mchezo umekwisha. Walikubaliana haraka kuliko baraza la kijiji linavyokubaliana kuhusu taa moja.

"Wanakwenda pamoja, au hawaendi," Mdalasini akasema.

"Mdalasini, mgombea wako yuko nyumbani anakula," Posta akasema. "Unawashikilia wa nini?"

Mdalasini alishika kikombe kwa mikono miwili. Mimi najua anawashikilia wa nini, kwa sababu ni mmoja wa wale tisa. Tangu Marlys, mke wake, afariki, nyumba ile haikuwa na sauti. Kisha kampeni ikampa sababu ya kuita watu kila Alhamisi. Alikuwa anapika supu nzito ya maharage na nyama, pamoja na mikate ya mdalasini ya Marlys, akiifuata karatasi aliyoiandika marehemu. Dakika tano za Ostrander, saa mbili za kula. Mwezi wa kwanza mikate ilikuwa migumu. Tukaila.

Mlango ukafunguka, akaingia Wendell na theluji begani. Akaipita meza bila kumtazama Dizeli, akasimama mbele ya Mdalasini.

"Alhamisi tunakutana?"

"Wendell, hujasikia redio? Ostrander amejitoa."

"Nimesikia. Nimeuliza Alhamisi."

Mdalasini akaitia ile beji mfukoni. "Saa kumi na mbili," akasema.

"Haya." Wendell akachukua gunia lake la chakula cha ndege, akaondoka.

Mtaalamu wa redio alikuwa sasa anaeleza, kwa asilimia, jinsi wafuasi wa Ostrander wanavyohama. Posta akamzima. Akauliza, kana kwamba anauliza bei ya stempu, kama hiyo supu huwa inatosha.

"Inatosha."

Dizeli akakwaruza kucha yake yenye grisi. "Na watu wa Gavana wanaruhusiwa?"

"Wendell atakuwepo."

"Yeye akae kaskazini, mimi nitakaa kusini."

"Basi njoo na kiti," Mdalasini akasema. "Chenye mgongo."