Hotuba ya Kustaafisha Toroli la Bi Ardis

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Halstrom Lake, ambaye ametuma salamu kwamba gari lake limekwama kwenye theluji nje ya posta. Mheshimiwa Mganga Mkuu. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi, wa Kamati ya Bodi, na wa Kamati Ndogo ya Kuiangalia Kamati ya Bodi. Mchungaji wa Kilutheri na Padri wa Kikatoliki, ambao nawapongeza kwa kukaa meza moja bila kusukumwa. Madaktari, wauguzi, wapishi na wafagizi. Waheshimiwa wagonjwa mliokuja kwa miguu, kwa magongo, kwa viti vya magurudumu, na wewe bwana uliyeletwa na kitanda kizima. Bi Ardis Haugdahl na kikosi chake cha wanaojitolea wenye vizibao vya rangi ya waridi. Mheshimiwa mbwa Gus, mfariji mwenye leseni ya jimbo. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya adabu. Gus anapiga miayo.)

Ni kwa heshima na taadhima kwamba mimi, Wendell Tjosvold, Mwenyekiti wa Bodi na Mratibu Mkuu wa Mradi wa Faraja Jumuishi, Shirikishi na Endelevu ya Mgonjwa, mtoto wa hapahapa Minnesota, niliyezaliwa ndani ya hospitali hii hii nikiwa na kilo tano kasoro robo, rekodi ambayo haikuvunjwa kwa miaka kumi na mmoja, nasimama mbele yenu katika kantini hii… (Sauti kutoka kiti cha magurudumu, mstari wa mbele: "Na ulizaliwa unapiga kelele hivyohivyo!" Kicheko.) Ahsante, baba. Kwa wasiomfahamu, huyo ni mzee Orrin Tjosvold, baba yangu mzazi, mfugaji mstaafu wa ng'ombe wa maziwa, ambaye leo anatimiza siku kumi na moja wodini baada ya kuvunjika nyonga akizoa theluji mlangoni kwake huku amevaa ndara. Baba, muda wa maoni upo kwenye ratiba. ("Upo wapi? Hapa naona saa nzima ni yako.") Maoni yamepokelewa.

Ndugu zangu, tumekusanyika leo kwa tukio la kihistoria, nalo ni kulistaafisha rasmi hili toroli mnaloliona hapa kando yangu, likiwa na utepe wa bluu, tayari kupelekwa makumbusho ya kaunti. Ni chombo cha magurudumu manne, moja likiwa linalia, ambacho kwa miaka thelathini na mmoja kimezunguka wodi zetu kila siku saa tisa alasiri kikiwa na birika la kahawa, keki za trei, soksi za sufu, karata na ubao wenye vijiti wa kuhesabia pointi za kribeji, mchezo wa karata wa wazee wetu, magazeti ya juzi, na mablanketi yaliyotoka moto moto kwenye mashine ya kukaushia nguo. Yote haya, naomba mnisikilize kwa makini, yamefanyika bila sera, bila dira, bila andiko la mradi, bila hata mfumo mmoja wa ufuatiliaji na tathmini! Tumechunguza. Bi Ardis anaingia chumbani, anamwuliza mgonjwa, "Unaendeleaje?" Kisha, na wenye mioyo dhaifu wajishike, anasubiri jibu. Anavuta kiti, anakaa. Hana saa ya kuhesabia dakika. Kuna mgonjwa mmoja alisimuliwa hadithi ya samaki aliyeponyoka tangu mwanzo hadi mwisho! (Sauti: "Nilikuwa namsimulia mimi, na alikuwa samaki mkubwa!" Vicheko.)

Ndipo Bodi yangu, kwa uongozi wangu, na kwa maono ambayo wengine wameyaita makubwa, nami sikuwakatalia, ikaamua kuileta faraja katika karne yake. Tuliwaita washauri wabobezi kutoka Phoenix, mji usiojua baridi ni nini na kwa hiyo usio na upendeleo katika suala la mablanketi. Washauri wakabuni swali moja la kisayansi, likapita vitanda vyote kwa miezi mitatu: "Je, ungependa blanketi la moto?" Matokeo, mabibi na mabwana, yaliwatoa washauri machozi. Kati ya wagonjwa mia mbili na kumi na wawili, asilimia tisini na nne walijibu, nanukuu, "Hapana, usihangaike." Asilimia tisini na nne! Kwa hiyo imethibitika kitaalamu kwamba kwa miaka thelathini na mmoja Bi Ardis amekuwa akiwafunika watu wasiotaka kufunikwa! (Minong'ono. Muuguzi Pakou Vang wa wodi ya mifupa ananyosha mkono.)

Ndiyo, Muuguzi Vang, kwa kifupi. ("Mwenyekiti, hao wagonjwa waliulizwa mara ngapi?") Mara moja, kwa mujibu wa mwongozo. (Ukumbi mzima unaangua kicheko. Padri anampiga Mchungaji bega.) Sioni cha kuchekesha. Sayansi ni sayansi. (Bi Ardis, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, anasimama taratibu. "Wendell, mwanangu, ukija kwangu nikikuuliza kama utakunywa kahawa, unasemaje?") Bi Ardis, kwa heshima zote, nasema hapana, usihangaike. ("Nikikuuliza tena?") Nasema, mh, labda kama ilikuwa imeshapikwa. ("Na mara ya tatu?") Nasema, basi, nusu kikombe tu. ("Na huwa unakunywa vingapi?") Hilo haliko kwenye… Vitatu. Nakunywa vitatu. (Makofi. Gus anabweka.) Hata hivyo hilo ni suala la mbinu za utafiti, nalo litapelekwa Kamati Ndogo.

(Bi Ardis bado amesimama. "Mume wangu Milton alifia hapa, Wendell, mwezi kama huu. Alikuwa anasikia baridi. Walimwuliza mara moja, akasema wasihangaike, wakaenda zao. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kuwalisha kuku. Tangu wiki ile nauliza mara tatu. Sina sera nyingine." Anakaa.) Ahsante, Bi Ardis. Nilikuwa… hapa nimeandika "pumzika kwa makofi," lakini naona tuendelee.

Naam. Mahali pa toroli hili, Mradi unaleta nini? Unaleta Jengo la Faraja lenye ghorofa tatu, ambalo mkigeuka mtaliona dirishani. (Watu wanageuka. Dirishani kuna maegesho ya magari na lundo la theluji.) Mtaliona. Unaleta Maafisa Wafariji Daraja la Pili wapatao arobaini, wenye vyeti, sare na vitambulisho vya shingoni, kila mmoja akiwa amefuzu moduli sita za tabasamu. Unaleta mashine ya blanketi inayoongea, ambayo itamsalimia mgonjwa kwa jina lake, itampima kiwango cha huzuni, na itampa faraja sawia na kiwango hicho, isizidi wala isipungue, kwa muda wa dakika nne na nusu. Tumeshapiga hatua kubwa, wapendwa! Ndani ya siku kumi na moja tu zilizopita, mimi binafsi nimeongoza vikao kumi na vinne vya faraja. Tumekaa ghorofa ya pili, juu kabisa ya wodi ya mifupa, tukila sandwichi, na sikutoka kikaoni hata mara moja. Kama hiyo siyo kujitoa mhanga kwa ajili ya mgonjwa, basi nielezwe kujitoa mhanga ni nini! (Mzee Orrin: "Tulikuwa tunasikia viti vyenu vikiburuzwa.") Ndivyo, baba, ile ilikuwa kazi inafanyika.

("Mimi nililetewa fomu, Wendell.") Fomu zilipelekwa kwa wadau wote, baba, bila ubaguzi. ("Siku ya tatu baada ya upasuaji. Juu imeandikwa 'Mpendwa Mgonjwa au Mlezi Wake.' Chini sahihi yako.") Ule ni muhuri, baba. Unagongwa na karani. ("Nikaulizwa kama nina mtu wa kunitembelea. Niweke alama: ndiyo, hapana, sijui.") Na… kwa manufaa ya takwimu, ulijaza lipi? ("Nilijaza 'sijui.'")

Nanywa maji kidogo.

Debe tupu… nani amesema debe tupu? (Sauti kadhaa kwa pamoja: "Wote!") Haya. Ndugu wananchi, tuingie sehemu ya hamasa. Nikisema "Faraja," nyinyi mnaitikia "Kwa wote, kila mahali, kwa viwango!" Faraja! (Bwana mmoja tu, kwa sauti ndogo: "Sawa tu.") Nashukuru kwa mwitikio. Mgonjwa mbele, fomu nyuma! (Mtu: "Kwako imekuwa kinyume!") Mradi udumu! Udumu! Nimeitikia mwenyewe, inatosha.

Kwa kumalizia, maana naona wapishi wananiangalia na mzee wa kitandani amelala, naomba nitoe shukrani zangu za dhati. Nawashukuru Maafisa Wafariji arobaini, ambao nafasi zao zitatangazwa mara kamati ya kutunga tangazo itakapoundwa. Namshukuru mkandarasi wa Jengo la Faraja, ambaye atatafutwa baada ya kiwanja kutafutwa. Namshukuru mvumbuzi wa mashine ya blanketi, popote alipo, kama alishazaliwa. Nawashukuru washauri wa Phoenix kwa picha nzuri za jalada la ripoti, zinazoonyesha mgonjwa mwenye furaha amefunikwa blanketi na kikombe mkononi, ingawa nikiangalia vizuri, huyo pembeni ni Bi Ardis na hilo ni toroli. Na zaidi ya yote naushukuru Mradi wenyewe, ambao kwa mujibu wa ukurasa wa mwisho, ambao nakiri ndiyo kwanza naufikia, "utaanza kufikiriwa pindi Bodi itakapoona upo uhitaji, na kwa kuwa asilimia tisini na nne wamesema hapana, uhitaji haupo."

Aisee. Kumbe hakuna kitu.

(Mzee Orrin: "Sasa kesho saa tisa kahawa analeta nani?") Baba, nafungua kurasa. Ukurasa wa huduma za mpito… hapa kuna nyota ndogo… nyota inasema "tazama kiambatisho"… kiambatisho ni orodha ya sandwichi. (Kicheko kinaanzia kwa wapishi, kinaenea hadi nyuma. Mwenyekiti anajaribu kukunja uso, anashindwa, anacheka mwenyewe.) Haya, chekeni, nimestahili. Kwa mamlaka niliyopewa, na ambayo sasa nayaonea mashaka, natangaza kwamba utepe huu unafunguliwa, makumbusho ya kaunti yatafute kitu kingine, na toroli linarudi kwa mwenyewe. Bi Ardis, pokea. (Makofi ambayo hayajasikika Halstrom Lake tangu timu ya sekondari ya mpira wa magongo wa barafuni ichukue kombe. Watu wanagonga vikombe mezani. Bi Ardis anajifuta macho kwa pindo la kizibao na kusema, "Haya jamani, kahawa inapoa.")

Naomba mnivumilie kidogo tu, halafu nashuka, na hili sikuliandika. Bi Ardis, gurudumu hilo linalolia ni zito kwa mikono yako. Leo nisukume mimi. ("Hapana, usihangaike.") Nisukume? ("Una shughuli zako, mwanangu.") Bi Ardis, nakuuliza mara ya tatu. ("Basi, ukitaka. Shika huku, na usiende kasi.") Ahsante. Muuguzi Vang ameshaanza kumrudisha baba wodini, namwona anaishia pale mlangoni, na blanketi lake limemdondoka begani. Ningependa tuanzie kwake, na lingine la moto nimfunike mimi. Ila kabla hatujaondoka, Bi Ardis, sogea nikunong'oneze, maana kipaza sauti hiki sijui kinazimwa wapi: baba yangu yuko chumba namba ngapi?