Skrini Yangu Haidanganyi

Jumatatu, 3 Juni
Nimemaliza! Picha ya mama wa mchumba wangu, yote nimeichora kwenye kompyuta kwa programu ya bure. Gauni la zambarau, uso unang'aa. Jumamosi wanamfanyia sherehe ya kustaafu, nami nitamkabidhi mbele ya ukoo mzima. Mchumba anasema mama yake bado anauliza kama kuchezea kompyuta ni kazi ya kulisha mke. Ataona! Akiipenda picha, posa imepita. Nimeituma kwa Mjomba Wino, kaka wa mama huyohuyo, mwenye duka la uchapaji.

Jumanne, 4 Juni
Loo! Picha imechapwa, na uso ni wa buluu, kama katolewa kwenye friji. Nikamuuliza Mjomba kamfanya nini dada yake. Akajibu, bila haya, kwamba skrini yangu inadanganya. Eti skrini hutoa rangi kwa mwanga, karatasi kwa wino, kwa hiyo nipakie faili la rangi za karatasi yake kwenye programu, nione mapema kitakachotoka. Eti pia nizime ule mwanga wa manjano niliouwasha kwenye skrini tangu mwaka jana, ndio ulionifanya nizidishe buluu bila kuiona. Unanipumzisha macho! Macho ni yangu au yake?

Jumatano, 5 Juni
Nimelipakia hilo faili, basi tu nisiitwe mkaidi. Picha ikafifia palepale, kama nguo iliyosahauliwa juani. Halafu programu, kwa ujeuri, ikapaka gauni zima kijivu: rangi hii haichapiki. Nani kaiuliza? Faili nimelifuta.

Dawa nimeipata mwenyewe. Skrini ina vitufe chini. Nimebonyeza wekundu hadi mama wa watu akawa kama bibi harusi. Picha yenyewe sikuigusa, ya nini? Nikamwambia Mjomba aichape tena, kubwa. Mchumba akaniomba tuanze na kipande kidogo cha majaribio. Nikamwambia asinitie nuksi.

Alhamisi, 6 Juni
Buluu ileile! Nikamweleza Mjomba habari ya vitufe. Alicheka mpaka akashika meza. Eti nimepaka poda kioo badala ya uso. Kisha akampigia dada yake simu, mbele yangu, akamsimulia! Shikamoo zangu zote kwa mtu huyu zimekwenda bure. Jioni mchumba kalia. Mama yake kauliza kama kweli kuna haja mimi nije Jumamosi. Imeniuma, siwezi kusema uongo.

Ijumaa, 7 Juni
Mchumba kaja, kachukua picha yangu kwenye flashi, kaondoka bila hata kukaa. Kashinda dukani kwa mjomba wake, eti wanarekebisha. Wanarekebisha nini? Nimenuna kutwa nzima.

Jumamosi, 8 Juni
Mama kaikumbatia picha! Uso wake hasa. Gauni limepungua ukali, lakini ndilo lenyewe. Akafuta machozi, akaniita mwanangu, wote wakisikia. Posa imekubaliwa! Nimefurahi kupita kiasi!

Ila katoa sharti: kadi za harusi azichape Mjomba, mimi nisiguse kitu. Jamani! Wekundu wangu ulichelewa tu kufika kwenye karatasi. Umefika leo, sifa kapewa yeye! Sikubali. Kadi nitazitengeneza mwenyewe, kimyakimya. Vitufe nimeshavibonyeza usiku huu, ili mpaka siku ya harusi rangi ziwe zimeshafika.