Kitabu Nilichokisoma Kabla Hakijaandikwa

Jumamosi, 2 Agosti

Nimetenda dhambi leo, na kibaya zaidi, imependeza.

Wiki tano mfululizo nimeosha vikombe kwenye kikao cha wasomaji. Tuko watu tisa, tunakutana nyuma ya duka la mshonaji, tunasoma vitabu vya kujiandaa kwa siku mbaya: mafuriko, ukame, umeme kukatika mwezi mzima. Kila mtu anasimama, anapendekeza kitabu alichosoma. Asiye na kitabu anaosha vikombe. Kitabu kikikubalika, kila mmoja anachagua somo moja alifanye kwa vitendo kabla ya kikao kijacho. Mwenyekiti, Mwalimu Mstaafu, husema kitabu kisichofanyiwa kazi ni cha kufungia misumari.

Leo Fundi Saa kasimama na kitabu cha kuchuja maji. Kurasa mia nne! Kakaa, kanitazama, kauliza kama sabuni ipo au akanunue. Watu wakaangua kicheko. Mama mkwe wangu, mwanachama mwenzetu, naye kacheka, kwa adabu, nyuma ya mtandio.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema nimemaliza kitabu kinaitwa Stoo Yangu, Ngome Yangu. Hakuna kitabu kama hicho. Ila mimi ni mtunza stoo wa vifaa vya ujenzi mwaka wa kumi na tisa huu, na stoo ndilo neno lililokuwa karibu na ulimi. Mwandishi nani? Kanali mstaafu, hataki kutajwa. Kinasemaje? Kwamba mtu ajifungie chumbani siku tatu, na maji na mkate tu, aone kama anaweza.

Mwalimu Mstaafu akaliandika jina la kitabu. Halafu makofi!

Halafu Fundi Saa, kwa sauti ya mtu aliyechoka kujua mambo, akasema hicho keshakisoma mara mbili, na utamu wake wote uko sura ya tisa.

Nimeduwaa mpaka sasa. Kakisoma wapi?

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepita kibandani kwa Fundi Saa, nikijifanya saa yangu inachelewa. Nimemwomba aniazime nakala yake. Eti iko kwa binamu yake. Binamu yuko wapi? Safarini. Akaongeza kwamba kusema kweli kanali anapwaya katikati, sura ya tano na ya sita maneno mengi.

Nikamkatalia! Nikamwambia sura ya sita ndiyo moyo wa kitabu. Tumebishana nusu saa nzima. Nimetoka pale nimekasirika kwa niaba ya kanali.

Ee Mola, nina nini mimi?

Jumatano, 6 Agosti

Balaa.

Mke wangu kanipigia simu kazini. Mama yake kajifungia kwake tangu jana asubuhi. Mlango wa chuma, komeo kwa ndani. Kachagua somo langu! Watu tisa, masomo chungu nzima, mwenye miaka sabini na moja ndiye kachagua la kujifungia.

Nimekimbia na koti la kazini. Dirishani kwa nje, juu ya zege, nimekuta vidonge vyake vya presha. Pakiti nzima. Nikauliza kupitia nondo mbona dawa ziko nje. Akajibu kwa uchangamfu kwamba Fundi Saa alimweleza sura ya nane: chochote unachokitegemea, kiache nje.

Daktari alishasema dawa hizo asiziruke hata siku moja, na leo ni ya pili. Mke wangu hakupiga kelele. Kaniambia polepole tu kwamba mama yake akipatwa na jambo, nisitafute maneno ya kumwambia, hayatakuwepo.

Basi nimekiri. Pale pale, paji la uso kwenye chuma. Mama, nisamehe, hakuna kitabu, hakuna kanali, nimetunga ili nisioshe vikombe.

Nikasikia pumzi zikimkatikakatika nyuma ya mlango. Nikajua analia.

Akacheka! Akasema, “Pole, baba, umejitahidi. Sura ya tisa imesema siku ya pili atakuja mtu wa karibu, tena kwa machozi, aseme yote ni uongo ili utoke.”

Nimekaa chini kwenye vumbi. Mara ya kwanza nasema kweli mwaka huu, na Fundi Saa keshaiziba kabla sijafika.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi na mapema nimemwangukia Fundi Saa. Nimemwambia kitabu nimekitunga mimi. Akanitazama kwa huruma, kioo chake cha kukuzia jichoni, akasema wivu ni ugonjwa, ndugu yangu, kama nimeshindwa kukielewa nisikikane. Nikamwambia mama wa watu anaweza kufa. Skrubu ikamponyoka, akainama chini ya meza kuitafuta. Hakuinuka mpaka nilipoondoka. Mtu mzima!

Nikaenda kazini, nikachukua leja kuukuu ya saruji, nikaifunika kwa gazeti. Nikarudi mlangoni kwa mama mkwe. Nikamwambia ameshinda mtihani, nilikuja jana kumjaribu tu, na sasa nakala imepatikana. Akaniambia nisome.

Nikafungua leja. Mbele yangu mifuko ya saruji na ndoo za rangi. Nikasoma: “Sura ya kumi na moja. Askari haachi silaha, na silaha ya mgonjwa ni dawa yake.” Akaguna. Akasema hilo limekaa vizuri, nirudie. Nikarudia kwa sauti nzito zaidi. Akasema haya, pitisha chini ya mlango. Nikapitisha kidonge. Nikamsikia akinywa maji. Nikashika ukuta.

Nikaendelea kusoma kwamba mwanamke aliyepita miaka sitini, siku zake tatu huhesabiwa mbili. Komeo likalia: kra!

Katoka kajitanda vizuri, kanawiri. Mimi ndiye niliyekuwa natiririka jasho. Tukampeleka zahanati hivyo hivyo. Muuguzi kampima: presha juu kidogo, aendelee na dawa, hakuna neno. Halafu kanitazama mimi. Kanipima. Kapima tena. Kaniambia nilale haraka na nisiongee.

Mama mkwe ndiye aliyenipepea.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimesimama mbele ya wote, nikasema kweli yote, ya leja nayo. Nimelia, sikuona haya. Nilimwona mama mkwe akiwa amelala sakafuni kila nilipofumba macho tangu Jumatano.

Mwalimu Mstaafu kavua miwani, kaivaa, kavua tena. Mshonaji kashika mdomo. Fundi Saa kashtuka kuliko wote! Kasema basi atakuwa alikuwa anafikiria kitabu kingine, na kikao kizima kikamgeukia, naye akaanza kuikagua saa yake.

Wakamwachia mama mkwe atoe hukumu. Akaniita mwanangu, nikajua pameharibika. Kila siku saa kumi na moja jioni niende kwake, nimsomee kitabu cha kweli, chenye jalada na mwandishi, mpaka kiishe. Kitabu cha Fundi Saa cha kuchuja maji.

Nimekubali kwa moyo mweupe. Nimeapa: ulimi wangu hautatamka tena kisichokuwepo.

Jumapili, 10 Agosti

Saa kumi na moja kamili nilikuwa kwake. Karibu baba, kiti kiko hapa, miwani iko hapa. Nikasoma ukurasa wa kwanza neno kwa neno. Wa pili. Mchanga wa ukubwa huu, changarawe ya ukubwa ule. Wa tatu ni jedwali la mchanga. Mama mkwe akaanza kusinzia, nikamwonea huruma. Adhabu ni yangu, yeye kakosa nini?

Kwa hiyo kuanzia ukurasa wa nne nimemchangamshia kidogo. Mchanga wenyewe nikauacha hivyo hivyo. Nimeongeza mjane mmoja tu, jasiri, aliyezingirwa na mafuriko akapanda juu ya paa na jiko lake na kuku wanne, akaishi huko wiki nzima.

Mama mkwe kaamka kabisa! Kasema mwandishi wa kweli anajulikana tu. Kaniuliza mjane alipandaje, nikamweleza hatua kwa hatua.

Nimerudi nyumbani moyo mwepesi. Toba ni tamu, sikujua.

Mke wangu anaingia sasa hivi, kashika kiuno, anauliza mbona mama kaazima ngazi kwa jirani.