Giaboksi Ndani ya Pipa la Krismasi

Jumamosi, 24 Novemba

Daftari, nisamehe. Miezi saba sijakugusa. Mara ya mwisho niliandika: leo tumenunua gari, basi kutembea kwa miguu kumekwisha. Kisha nikamzaa Davin, na Davin halali. Sasa hivi amelala. Nina dakika ishirini, nikibahatika.

Habari kwa ufupi. Gari limekufa. Injini nzima, matairi mazima, giaboksi ndiyo imekufa. Ni ya otomatiki. Ilikuwa imepungua mafuta, na mimi nilikuwa na nusu chupa ya mafuta ya injini uvunguni. Nikasema mafuta ni mafuta, nikayamimina humo. Gari likapanda mlima wetu wa Morne Zabette mara mbili vizuri tu. Mara ya tatu likanguruma, likatoa harufu ya kiatu kilichoungua, likasimama. Norbert, mume wangu, alilizunguka gari. Alivua kofia, akaivaa tena. Afadhali angetukana.

Na wakati wenyewe ndio huu! Mwalimu mkuu, Bi Severin, ameniahidi kazi. Kuwashusha shuleni watoto wanne wadogo wa huku juu, Oria wangu akiwa mmojawapo, na kuwapandisha mchana. Kuanzia Jumatatu tarehe 7 Januari, saa moja asubuhi kamili. Ni kazi pekee ninayoijua ambayo mtu anaifanya mtoto wake mchanga akiwa kando yake. Kule mjini Roseau, kwenye nyumba ya wageni ninakofua mashuka, Davin haruhusiwi. Anabaki kwa mama mkwe. Nikirudi jioni ananitazama kama mgeni aliyekuja kuuza kitu.

Gari lisipokuwepo siku hiyo, kazi itakwenda kwa Eudora. Eudora ana basi. Ana sauti. Na ndiye mama wa ubatizo wa Oria, kwa hiyo siwezi hata kumchukia hadharani.

Fundi Titus amekuja, amechungulia, amesema giaboksi ya otomatiki ya gari hili haipo kisiwa kizima. Ila gari linaweza kugeuzwa likawa la gia za mkono. Nikamwambia geuza. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanitajia vinavyotakiwa, nikaandika nyuma ya kadi ya kliniki ya Davin: giaboksi yenyewe, flaiwili, yaani lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, sahani ya klachi na kifuniko chake, beringi, pedeli na fremu yake, pampu mbili za klachi, shafti za magurudumu, mkono wa gia na nyaya zake. Kisha akasema neno moja mara tatu. Vyote vitoke kwenye gari moja, mama Oria, na gari hilo na hili wawe ndugu wa tumbo moja. Usiokote kimoja huku na kingine kule.

Mafundi wanapenda kutisha watu.

Jumatatu, 26 Novemba

Akili imefanya kazi! Nimempigia dada yangu Leonise, aliyeko Boston, Marekani. Pipa letu la Krismasi, lile analotujazia vyakula na nguo kila mwaka, bado liko wazi sebuleni kwake, linafungwa Jumamosi na kupelekwa melini. Na jirani yake, Mhaiti mmoja, ana yadi ya magari chakavu. Nikamsomea kadi yote ya kliniki, kisha nikamwambia: Corolla, mwaka tisini na nane. Leonise akasema jirani anauliza injini ipi. Nikasema injini ya Corolla. Akasema jirani anauliza tena. Nikamwambia dada, hili ni gari, si posa, maswali yote haya ya nini?

Tatizo ni nafasi. Pipa tayari lina magunia mawili ya mchele wa Ma Philo, mama mkwe wangu, na gauni lake jeupe la misa ya Krismasi. Nimeagiza mchele utoke. Gauni libaki, mimi si mnyama. Giaboksi ivingirishwe taulo, iwekwe chini kabisa. Kwenye fomu aandike: chakula na nguo.

Ma Philo sijamwambia. Leo ameniuliza kama mchele wa mara hii ni ule mrefu. Nimesema nadhani ni mfupi na mzito.

Jumapili, 2 Desemba

Baada ya misa Eudora kanishika mkono mbele ya watu akaniuliza habari za gari. Nikasema linapumzika. Akasema, mapumziko gani hayo, bibiye, mbona hata la kwangu bovu limepata wapangaji? Watu wakacheka.

La kwake bovu ni Corolla kuukuu ya marehemu shemeji yake, chini ya mshelisheli nyuma ya nyumba. Kuku wanalala humo. Fundi Titus, aliyekuwa hapo hapo, akanivuta kando akaniambia lile ni la Japani kama langu, la gia za mkono, kila kitu kimo. Muombe tu.

Nimuombe Eudora! Anayeinyemelea kazi yangu! Afadhali nile mkono wa gia.

Isitoshe pipa liko majini.

Ijumaa, 21 Desemba

Pipa limefika bandarini. Gari la kulibeba kutoka Roseau: moja tu lenye nafasi, basi la Eudora. Bila shaka.

Ofisa wa forodha ni kijana mstaarabu. Akafungua mfuniko, akatoa biskuti, sabuni, gauni la Ma Philo, soksi. Kisha akainama, akavuta, kikagoma. Akamwita mwenzake. Wakakitoa wawili wakihema, wakakiweka mezani kwenye taulo la maua. Akatazama fomu. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, hiki kiandikwe chakula au nguo. Nikasema ni zawadi ya mume wangu. Akasema Mungu akulinde, mama, na mume wako pia. Nikalipa nilichotakiwa kulipa.

Njiani Eudora akauliza kama dada yangu siku hizi anatuma mawe. Nikasema ni mchele. Akasema mchele huo umelipinda basi langu, akatushusha, mimi na pipa, chini ya ile kona kali yenye msalaba.

Jumamosi, 22 Desemba

Kufungua pipa ni sherehe kwetu. Watu wote hukaa kulizunguka, mfuniko hung'olewa, na harufu ya sabuni ya ng'ambo hujaa nyumba nzima. Mwaka huu ilijaa harufu ya gereji. Giaboksi ilikuwa imevuja. Biskuti, soksi, na gauni jeupe la Ma Philo, ambalo sasa lina ramani ya Afrika mgongoni. Oria akasema ni zuri, lina picha.

Ma Philo aliuliza mchele uko wapi. Nikamwonyesha giaboksi. Aliigonga kwa kidole, halafu akamwambia Norbert, mwanangu, mimi nilikuambia umwoe yule msichana wa kijiji cha Grand Fond.

Ningevumilia. Lakini fundi Titus akaja na tochi. Akaisogeza giaboksi mpaka kwenye injini, akapima matundu ya bolti. Mawili yalikutana. Mengine yalitazama kwingine kabisa. Sahani ya klachi, meno yake hayalingani na chochote. Pedeli zimepindishwa kwa ajili ya dereva anayekaa kushoto, na sisi, kama kila mtu kisiwani, tunakaa kulia.

Nikasema haiwezekani, jina ni lile lile, mwaka ni ule ule. Titus akafuta mikono. Akasema, lako lilitengenezwa likae Japani, hili Marekani. Wamepewa jina moja tu. Kama wewe Vernice na yule Vernice wa benki. Ukienda kaunta ukachukua mshahara wake, utasema ni jina lile lile?

Zimebaki siku kumi na sita. Norbert alivua kofia. Safari hii hakuivaa tena.

Alhamisi, 27 Desemba

Mpango mpya. Si kuomba. Ni biashara.

Nimekwenda kwa Eudora na jagi la juisi ya rosela. Nimemsifia kuku wake. Nimesema nafikiria kuanza kufuga, na kwamba banda lake lile chini ya mshelisheli limenipendeza sana, la chuma, lina madirisha, je anaweza kuniuzia?

Akanywa rosela. Akauliza, banda unalitaka na injini yake au bila injini?

Nikajimiminia rosela.

Akasema, mtoto wa watu wewe, tangu Novemba nakungoja uje useme unataka nini. Chukua. Mimi niachie makazi ya kuku wangu tu. Nikamwuliza, na ile kazi ya shule je? Akasema kazi ipi? Basi langu ni pana mno, halipiti ile kona ya msalaba ya kwenda kwenu juu, dunia nzima inajua. Nani kakwambia naitaka?

Nimewaza njia nzima. Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe.

Ila lipo sharti. Sakafuni mwa dereva, juu ya pedeli, kuna kuku mwekundu ameatamia mayai. Eudora amesema asiguswe. Nikasema tumhamishe taratibu, na kikapu chake. Akasema, wewe ungekuwa na uchungu wa kuzaa ukahamishwa na kikapu, ungependa? Mayai yataanguliwa, kwa hesabu yake, Alhamisi ijayo. Tarehe tatu.

Jumatatu, 31 Desemba

Titus ametoa giaboksi, flaiwili, klachi na shafti kwa kulala chali chini ya gari. Kuku juu, fundi chini. Kila akigonga nyundo, kuku anajibu. Titus anasema amefanya kazi na wateja wengi wanaomsimamia, huyu ndiye mkali kuliko wote.

Vyote vimeingia kwenye gari letu bila ugomvi, bolti kwa bolti. Sikumpa Titus nafasi ya kusema chochote. Alisema hata hivyo: ndugu wa tumbo moja.

Pedeli bado ziko chini ya kuku.

Alhamisi, 3 Januari

Nimekwenda saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna. Saa nne, hakuna. Nimemchungulia yule kuku, naye akanichungulia. Macho mekundu, hajalala, mtu mmoja anamsubiri atoke na mwingine anamsubiri akae. Nikamwambia pole, dada.

Saa tisa, vifaranga tisa! Eudora akawahamishia kiti cha nyuma mwenyewe. Pedeli zimetoka. Zinanuka, lakini zimepindia kulia.

Jumamosi, 5 Januari

Kila kitu kimefungwa. Ma Philo ametoka kibarazani na gauni lake la ramani, ambalo sasa analivaa kila siku mbele yangu. Titus akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya kabisa, hata stata, ile mota ya kuwashia injini, haikulia.

Nilishika ukuta. Titus akajikuna, kisha akacheka. Gari halijui kwamba limegeuzwa, akasema. Bado linangoja liwekwe ile gia ya kuegesha ya otomatiki ndipo likubali kuwaka. Akaunganisha waya mbili chini ya dashibodi. Likawaka! Oria akapiga makofi, Davin akalia, Norbert akavaa kofia.

Titus akanipa ufunguo. Akasema haya, mama Oria, lijaribu.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Sijawahi kuendesha gari la gia za mkono maisha yangu yote. Miguu miwili, pedeli tatu. Hakuna aliyeniuliza! Norbert anasema alidhani najua, kwa jinsi nilivyokuwa na uhakika.

Jumapili, 6 Januari

Eudora amenifundisha baada ya misa, pale pale mlimani. Achia klachi polepole, mwanamke, polepole, unaachia klachi si unaachia mume! Nimezima mara kumi na nne. Nimerudi nyuma mara mbili, mara ya pili mpaka kwenye uzio wake. Akasema uzio ule alikuwa haoni uzuri wake hata hivyo. Jioni nimepanda kona ya msalaba bila kuzima. Eudora hakunisifu. Alifunga macho tu, akayafungua baada ya kona.

Jumatatu, 7 Januari

Saa moja kasoro dakika mbili tulikuwa langoni mwa shule. Watoto wanne nyuma, Davin kwenye kiti chake mbele. Gari lilizima mara tatu, na watoto walihesabu kwa sauti, kama vile somo limeshaanza. Bi Severin alisimama na saa yake mkononi. Alisema asante, Vernice, mchana ni saa nane na nusu.

Wakati wa kurudi nilisimama kona ya msalaba, nikavuta breki ya mkono. Davin alikuwa ameamka. Akanitazama. Si kama mgeni. Akanitazama kama mtu anayejua kabisa nani atampa uji, akapiga chafya, akalala tena. Nilikaa pale kidogo. Kisha gari likazima lenyewe.

Jumatano, 9 Januari

Kila kitu kimetulia. Nimewaza.

Ile giaboksi ya Marekani iko uvunguni mwetu, nimeifuta, inang'aa. Ni nzima kabisa. Ni dhambi kuiacha ikae bure. Na Norbert anakwenda kazini kwa miguu, maskini. Giaboksi tunayo. Kinachokosekana ni gari tu, na gari ni vipande.

Titus nitamwambia vikishafika. Eudora simwambii kabisa, naona ana mpango wa kuitia giaboksi hii kwenye banda lake chini ya mshelisheli.

Nimemwandikia Leonise. Nimekuandikia nakala hapa, Daftari, nisije nikasahau:

Dada, katika pipa la Pasaka na yanayofuata, naomba unitumie: injini moja ya Corolla, ikatwe vipande kama ni kubwa. Shafti mbili za magurudumu, hata zisipolingana. Milango minne, ya rangi yoyote. Usukani, wa kushoto au wa kulia, tutaona. Radieta. Viti viwili, watoto watakaa mapajani. Magunia mawili ya mchele mrefu ya Ma Philo na gauni jeupe, na tafadhali viwe juu kabisa. Mwambie jirani yako asiulize mwaka, na si lazima vyote vitoke gari moja, aokote tu anapoviona.

Na mafuta, chupa moja. Aina yoyote. Mafuta ni mafuta.